Sunna Niliyoishusha

Kwa miaka sita nilikuwa mtunzaji wa kifurushi kimoja cha kompyuta, na katika miaka yote hiyo ni mtu mmoja tu aliyewahi kuniandikia bila ya kuja kulalamika. Nalisema hili mapema ili msomaji asije akadhani nilikuwa na jina. Sikuwa nalo. Nilikuwa mtu wa Mji Mkongwe mwenye mashine moja kuukuu, laini ya simu iliyokatika kila mvua ikinyesha, na muda mwingi kuliko mambo ya kuujazia.

Programu yenyewe, iliyofungwa ndani ya kifurushi hicho, sikuiandika mimi. Iliandikwa na watu wa nchi za mbali nisiowajua sura, nayo ilikuwa ya kuendeshea maktaba ndogo. Unaifungua kama unavyofungua ukurasa wowote wa intaneti, unaandika jina la kitabu, nayo inakwambia kiko rafu ipi na nani amekiazima. Kazi yangu ilikuwa kuifunga vizuri ili mtu mwingine aiweke kwenye mashine yake bila ya kuhangaika. Na hapo ndipo penye fitina, kwa sababu programu ya namna hiyo haisimami peke yake. Inataka programu ya kuhudumia kurasa, inataka ghala la kuhifadhi kumbukumbu, inataka hiki na kile, na mtunzaji ndiye anayeandika orodha ya vyote hivyo.

Orodha ina daraja tatu. Daraja ya kwanza ni vile ambavyo bila ya hivyo programu haiendi hata hatua moja. Ya pili ni vinavyopendekezwa. Hivyo mashine huvileta yenyewe pasi na kuuliza, isipokuwa mwenye mashine akatae. Ya tatu ni vinavyodokezwa tu. Hivyo mashine haivileti. Hukutajia kwa mstari mmoja unaopita mbio kwenye kioo, na sijapata kumwona mtu anayeusoma mstari huo.

Mjini kwetu sikuhitaji kulieleza jambo hili sana. Nilikuwa nikisema faradhi, sunna na mubaha, na hata shangazi yangu wa Mbweni, ambaye kompyuta kwake ni kitu cha kufunikwa kitambaa kisiingie vumbi, alinielewa papo hapo. Faradhi ukiiacha umeharibu. Sunna ukiifanya una thawabu, ukiiacha huna dhambi. Mubaha ni shauri yako.

Nilikuwa nikiifanya kazi hiyo nyumbani, katika ghorofa ya juu ya nyumba ya babu, yenye vyumba tisa. Vinane vilikuwa vimefungwa. Ndugu zangu walikuwa wakihamia Maskati mmoja mmoja tangu katikati ya miaka ya themanini, na kila aliyeondoka aliniachia ufunguo wa chumba chake na maagizo ya kukifungua mara kwa mara kipate hewa. Mama alikuwa wa mwisho. Ilipoingia miaka ya elfu mbili nilikuwa nimepita thelathini na tano, nafungua vyumba vya watu vipate hewa kisha navifunga tena. Mchana nilikuwa na ajira katika ofisi moja iliyopeleka kompyuta kwenye skuli za shamba. Jioni nilikwenda kula Forodhani, nimesimama, kwa muuza mishikaki ambaye alikuwa haniulizi tena nataka nini. Watu walinionea choyo kwa nyumba kubwa. Mimi ningeigawa yote kwa mtu mmoja wa kuniuliza nimechelewa wapi.

Huyo aliyekuwa akiniandikia alikuwa mwalimu wa skuli moja ya Makunduchi, msimamizi wa maktaba yake, mwanamke wa huko huko, mwenye miaka thelathini na kidogo, aliyeolewa mara moja akaachika na kurudi kwa mama yake. Ofisi yetu ndiyo iliyompelekea kompyuta, na mimi ndiye niliyekwenda kuiweka programu. Chini ya kila ukurasa wa programu ile palikuwa na kisanduku cha kumwandikia mtunzaji. Unaandika, unabonyeza, basi. Skuli ile haikuwa na intaneti ya kudumu. Laini yao ya simu iliunganishwa Alhamisi asubuhi tu, kwa dakika chache, kwa hiyo ndani ya mashine niliweka programu ndogo ya barua, ambayo kazi yake ilikuwa kushika alichoandika mwalimu wiki nzima na kukipeleka Alhamisi laini ikipatikana. Ni tarishi, kwa ufupi.

Watu wengine duniani walipokiona kisanduku kile walikitumia kunitukana. Yeye alikitumia kunisahihisha. Maneno yote ya programu niliyatafsiri mimi kwa Kiswahili, nami nilijiona bingwa, kwani ni nani atakayemfundisha Kiswahili mtu wa mjini Unguja. Alhamisi ya kwanza akaniandikia: "Fundi, umeandika kitabu kimekopeshwa. Pesa ndizo hukopeshwa. Kitabu huazimwa." Alhamisi ya pili: "Umeandika kitabu kimechelewa. Kitabu hakina miguu. Aliyechelewa ni mwanafunzi." Nilikasirika mpaka chai ikapoa. Kisha nikabadilisha yote mawili, nikamjibu kwa maneno makali kiasi, naye Alhamisi iliyofuata akaandika kwamba anashukuru kuona naweza kusikia.

Ikawa hivyo kwa karibu miaka miwili. Mimi sikuwa naanzisha, nilikuwa najibu. Yeye ndiye aliyeanzisha, nami niliona ndiyo adabu, mwanamke aandike kwa kazi yake na mimi nijibu kwa kazi yangu. Lakini nilikuwa nikifika ofisini Alhamisi kabla ya mfagizi. Nampenda, nilijua, na nilijua muda mrefu kabla ya kuthubutu kujiambia.

Sasa nieleze nilichokifanya, maana nilikifanya kwa akili zangu timamu.

Ulikuja wakati wa kutoa toleo jipya la kifurushi, na orodha ilikuwa imenenepa. Nikakaa nayo wiki mbili. Ghala la kumbukumbu nililitoa kwenye faradhi nikaliweka kwenye sunna, kwani maktaba kubwa huwa nalo kwenye mashine nyingine, na kumlazimisha mtu awe na mawili ni ujinga. Programu ya kupunguza ukubwa wa picha za majalada, sunna. Ya kuchapishia vibandiko vya mgongoni mwa vitabu, mubaha. Nani Unguja alikuwa na mashine ya vibandiko. Kamusi ya kusahihisha tahajia niliifuta kabisa, haikujua hata neno moja la kwetu. Ikabaki programu ya barua, ambayo tangu mwanzo nilikuwa nimeiweka kwenye sunna.

Hiyo ndiyo iliyonitia kwenye mzozo. Alikuwapo bwana mmoja wa nchi za baridi, mtu mwenye sauti kubwa miongoni mwa watunzaji, aliyeandika katika baraza letu la intaneti, mbele ya watu wote, kwamba kifurushi changu kinamletea tarishi nyumbani hali yeye aliagiza rafu ya vitabu. Watu wakacheka. Wengine wakamuunga mkono: tarishi yule akiwekwa huuliza maswali matano ambayo mtu wa kawaida hawezi kuyajibu, na akiwekwa vibaya wahuni humtumia kutawanya takataka. Yote hayo yalikuwa kweli. Lakini sitasema kwamba niliushika ukweli. Nilichotaka ni yule bwana aniseme vizuri.

Kabla ya kukata shauri nilimweleza mwalimu katika jibu langu la Alhamisi, nikamuuliza yeye anaonaje. Jibu lake ninalo mpaka leo. "Sunna haziko sawa, fundi," aliandika. "Ziko zilizotiliwa mkazo, mtu akiziacha huna la kumfanya ila unamtazama kwa jicho jengine. Tarishi ni katika hizo. Asiyemtaka amkatae mwenyewe, hana dhambi. Lakini wewe ukimshusha, wale wasiojua kama yupo watamkosa bila ya kukataa. Usimshushe."

Nikaona huyu sasa amevuka mpaka. Kiswahili nimemwachia, je na kifurushi nimwachie? Nikamshusha tarishi kutoka sunna hadi mubaha. Yule bwana wa nchi za baridi akaandika neno moja la kusifu, nami nikalisoma mara nyingi kuliko linavyostahili.

Miezi michache baadaye kompyuta ya Makunduchi ilikufa. Chumvi ya bahari iliingia ndani, kama inavyoingia kwenye kila kitu upande ule, na ofisi ikanipa mashine nyingine niipeleke. Nilitengeneza sidii ya toleo jipya, nikajaza ndani yake vya faradhi na vya sunna tu, kama orodha yangu ilivyosema. Nilipokuwa njiani nilikuwa nafikiria jambo jengine kabisa. Wiki iliyopita nilikuwa nimemwambia mama kwa simu kwamba nimeona mtu. Mama akauliza ni wa ukoo gani, nikamwambia ni mwalimu, Mmakunduchi. Akasema, "Watu wa shamba wana mila zao, mwanangu." Nikamwambia na sisi tuna zetu, na moja katika hizo ni kuhama. Akasema basi shangazi yako wa Mbweni ndiye atakayekwenda kuposa, maana mimi niko mbali. Shangazi naye hakuchukua hata siku mbili, akaanza kuulizia nguo.

Lakini sikutaka kutuma watu wazima safari nzima ya kusini wakaaibike. Nilitaka nimuulize mwenyewe kwanza.

Niliiweka programu asubuhi, kwenye meza ile ile karibu na dirisha. Mistari ikawa inapita kwenye kioo. Ule wa vinavyodokezwa ulipita pia. Niliuona, na jina la tarishi lilikuwa ndani yake, la kwanza. Mkono wangu ukaendelea. Siwezi kusema sikujua. Nilijua, kwa ile namna mtu anavyojua kuwa hakufunga bomba la maji nyumbani na huku anazungumza na mgeni. Mawazo yangu yalikuwa kwenye ulimi.

Walimu wengine walikuwa madarasani. Mlango ulikuwa wazi, na mama mmoja anafagia barazani, kama inavyotakiwa.

"Mwalimu, nna neno," nikamwambia.

"Sema, fundi."

"Nikituma watu kwenu, watapokewa?"

Alilifunga daftari alilokuwa akiliandika, akaifunga na kalamu kifuniko chake. Hakunitazama. "Umenishtua," akasema.

"Niwie radhi."

"Hapana la kuniwia radhi. Nipe nafasi nifikiri, na mimi nna wazee. Ntakuandikia."

"Au nikupigie simu?"

"Simu ya skuli iko juu ya meza ya mwalimu mkuu. Mambo haya tutayasema mbele yake?" Hapo akacheka kidogo. "Ntakuandikia. Kama siku zote."

Nikaagana naye. Alisema maneno mawili ya Kimakunduchi na yule mama wa barazani, wakacheka wote wawili, nami sikuyapata. Nilirudi mjini nikiwa na furaha ambayo tangu hapo sijaipata tena, na naisema bila ya haya.

Alhamisi ya kwanza haikuja barua. Nikasema bado anafikiri. Ya pili haikuja. Nikasema wazee hawaamui kwa haraka. Ya tatu, ya nne. Nilikuwa nafungua sanduku langu la barua asubuhi, nafungua tena baada ya adhuhuri, nafungua kabla ya kufunga ofisi. Matangazo ya dawa yalikuwa yakija. Watu wa kulalamika walikuwa wakija. Yule bwana wa nchi za baridi alikuja na lalamiko jengine, sasa la picha za majalada.

Wiki ya sita nikaenda Mbweni kumuuliza shangazi.

"Hajajibu," nikamwambia.

"Basi kajibu," akasema shangazi.

"Alisema ataandika."

"Mtu muungwana hasemi hapana usoni. Anakwambia ataandika, kisha haandiki, na wewe unafahamu, na kila mtu anabaki na heshima yake. Usimuulize tena. Utamkera, na utajidhalilisha."

Nikamwambia kwamba mwanamwali akinyamaza mbele ya kadhi huhesabiwa amekubali. Shangazi akaniambia huyo si mwanamwali, alishaolewa, na aliyekwisha kuolewa lazima atamke kwa mdomo wake; hilo hata watoto wa chuo cha Kurani wanalijua. Kisheria alikuwa na haki. Nami nikangoja atamke, na nilipoona hatamki nikaona nimeshaambiwa.

Ni jambo linalofanywa kwetu na watu wema kabisa. Hatumbani mtu. Tunampa njia ya kutokea bila ya kuona haya, na akitoka tunajifanya hatukumwona. Nimefundishwa hivyo tangu mtoto, na kwa mara ya kwanza katika maisha yangu nilijisifu kwa kulifuata fundisho lile vizuri. Mama aliponiuliza Ijumaa moja wamesemaje, nikamwambia hawakujibu. Akasema, "Si nilikwambia?" Nikaiweka simu chini na yeye bado anasema. Wiki mbili sikuipokea.

Niliacha kwenda Forodhani. Nilipika mwenyewe, vibaya. Niliacha hata kuvifungua vyumba. Nikasema wenyewe waje wavipe hewa. Hasira nilikuwa nayo, nakiri, na kwa siri ilikuwa juu yake yeye mwalimu: kama hakunitaka kwa mume sawa, lakini ndiyo aache hata kunisahihisha Kiswahili? Hata kosa moja la herufi katika toleo zima hakulipata? Hilo liliniuma kuliko lile la kwanza. Nilijiona nimefutwa.

Ukapita karibu mwaka. Siku moja simu ya ofisini ililia, na mtu wa upande wa pili alikuwa mwanamume mwenye haraka.

"Mimi nnasimamia maktaba ya skuli huku Makunduchi," akasema. "Bwana, nshakuandikia mara tatu. Mara zote mashine inanambia ujumbe wako umepokewa. Kama umepokewa, mbona hujibu?"

Nikamwambia sikupata kitu.

"Basi kapokea nani?"

 Ule mstari, "Ujumbe wako umepokewa, asante," niliutafsiri mimi. Programu ilikuwa ikimaanisha kwamba yenyewe imeuchukua ujumbe na kuuweka kwenye folda, ungoje kupelekwa. Nilipoutafsiri niliona neno fupi, zuri, linatosha. Halikuwa na kosa la kusahihishwa. Ila kila aliyelisoma alielewa kwamba aliyepokea ni mimi.

Nikamuuliza mwalimu wa zamani yuko wapi. "Kaolewa," akasema. "Mwezi wa mfunguo tatu, huu wa Haji. Mume mtu wa Wete, yuko naye Pemba."

Nilikwenda kesho yake. Yule mwalimu mpya alinikaribisha vizuri, akaniletea maji, na adhana ya adhuhuri iliposomwa akaniuliza kama nnakwenda. Nikamwambia atangulie. Akaniacha peke yangu na mashine.

Katika folda ya ujumbe unaongoja palikuwa na barua saba. Tatu zilikuwa za huyu mwalimu mpya, za kulalamika. Nne zilikuwa za mwalimu wa zamani.

Ya kwanza aliiandika siku tatu baada ya mimi kuondoka. "Fundi, nimefikiri. Nimesema na mama, na mama kasema na mjomba. Watu wako waje, watapokewa. Ijumaa baada ya swala ni nzuri, mjomba huwepo. Na ukurasa wa kurejesha vitabu una neno lina herufi moja imezidi, nitakuonesha ukija."

Ya pili ilikuwa ya wiki tatu baadaye. "Labda una shughuli nyingi. Sina haraka. Mama ndiye anauliza, keshanunua mchele, apike kwa watu wangapi."

Ya tatu, miezi miwili. "Kama umebadili rai, si neno, mtu huruhusiwa. Nambie tu nimtoe mama wasiwasi. Sitauliza tena."

Hakuuliza tena. Ya nne ilikuja baada ya miezi mingi, na haikuwa na habari hiyo kabisa. Aliandika kwamba vitabu kumi na viwili vya darasa la tano havionekani katika orodha, kwamba anaondoka mwisho wa mwezi na atakuja mwengine, na kwamba nimfundishe huyo vizuri, kwani yeye nilimfundisha vizuri.

Nilizisoma zote nne, kisha nikazisoma tena. Nje watu walikuwa wakitoka msikitini. Sikulia, kwa sababu mwalimu mpya alikuwa karibu kurudi, lakini nilikaa na mikono juu ya meza na niliona kama siijui tena mikono ile. Ndiyo iliyoendelea pale mstari ulipopita.

Nilikuwa nimekuja na sidii yenye tarishi. Nikamweka. Akaniuliza maswali yake matano, nikayajibu, ilinichukua dakika nne. Nilifikiri kuzifuta barua za mwalimu, kisha nikaona sina haki ya kufuta barua zilizoandikwa kwa jina langu. Nikaziacha folda ile ile, na Alhamisi laini ilipounganishwa zikaondoka zote saba.

Nilizipokea ofisini. Sanduku langu lilikuwa limepangwa kwa tarehe za kuandikwa, kwa hiyo hazikuja juu pamoja na barua za siku ile. Kila moja ilikwenda kukaa mahali pake, chini huko, katika ile miezi. Nikishuka, naiona ya kwanza baina ya matangazo mawili ya dawa, katika wiki ambayo nilikuwa nikifungua sanduku mara tatu kwa siku.

Jioni ile niliirudisha programu ya barua kwenye vinavyopendekezwa. Kila badiliko huandikiwa sababu, mstari mmoja, nami niliandika kwamba bila yake ujumbe wa watumiaji hupotea kimya kimya. Neno umepokewa nililitoa nikaandika "Ujumbe wako unangoja kupelekwa." Yule bwana wa nchi za baridi akauliza, mbele ya watu wote, kama kuna mtu yeyote duniani aliyedhurika kwa kukosa tarishi kwenye maktaba. Sikumjibu. Mwisho wa mwaka nilimkabidhi kifurushi mtu mwingine, na sharti langu lilikuwa hilo moja, tarishi asishushwe.

Shangazi nilimwambia ukweli. Akasema, "Mke wa mtu huyo sasa." Najua. Nikimwandikia, barua itasomwa na mumewe au itafichwa mumewe asiione, na yote mawili ni kumtia mwanamke wa watu katika shaka ambayo hakuifanyia kitu. Nikimtuma mtu, mtu husema. Kwa hiyo iko nyumba Wete ambamo mimi ni yule bwana wa mjini aliyeuliza, akajibiwa ndiyo, kisha akaona haya kuja. Na mama yake mwalimu alikwisha kununua mchele.